Kutoka Mwili hadi Mfuatano: Protini za Ugeuzanuru za Wanyama wa Baharini na Uteuzi wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Protini zinazogeuza nuru, ambazo asili yake ni mayavuyavu, matumbawe na anemoni wa baharini, zimekuwa zana ya kila siku ya kutazamia seli hai katika maabara za biolojia. Makala hii inaeleza namna protini hizo zilivyogunduliwa, zinavyofanya kazi na zinavyohandisiwa upya. Aidha, inaonesha kuwa maneno ya Kiswahili yanayotumika kuzieleza hayatenganishi mambo mawili ya msingi: kwanza, aina za nuru kwa kuzingatia chanzo chake, pili, mwili wa mnyama, jeni yake na mfuatano ulioandikwa wa jeni hiyo. Upungufu wa kwanza unaweza kurekebishwa darasani. Upungufu wa pili una athari za kisheria kwa nchi za ukanda huu, ziwe na pwani au zisiwe nayo.

1. Utangulizi

Karani wa benki anapoitilia shaka noti, huiweka chini ya taa ndogo ya urujuanimno. Nyuzi na alama ambazo hazikuonekana kwa mwanga wa kawaida hujitokeza kwa rangi ya kijani, nyekundu au manjano. Taa yenyewe haitoi rangi hizo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mnururisho wake haionekani kwa jicho la binadamu. Noti nayo haina mwanga wake yenyewe; taa ikizimwa, alama hutoweka papo hapo. Kilichotokea ni kwamba wino ulipokea nuru ya aina moja ukatoa nuru ya aina nyingine.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya nuru. Kuna kung'aa, kumeremeta, kumetameta, kumulika na kuangaza, na kila moja lina mahali pake. Hata hivyo, maneno hayo hueleza namna nuru inavyoonekana na nguvu yake, si mahali inapotoka. Kimulimuli hung'aa, sufuria iliyosuguliwa hung'aa, mwezi hung'aa, na mwanafunzi aliyefaulu mtihani hung'aa vilevile. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Katika biolojia ya bahari, upotevu huanzia hapo hapo, kwa sababu historia nzima ya protini zinazojadiliwa katika makala hii ni historia ya watafiti waliojifunza kutenganisha nuru mbili zilizokuwa ndani ya mnyama mmoja.

Kuna mambo matatu ya kutofautishwa. La kwanza ni uakisi, istilahi ambayo tayari imezoeleka katika fizikia ya shule: nuru hugonga uso wa kitu na kurudi, kama ifanyavyo kwenye kioo au kwenye mwezi. La pili ni hali ya kiumbe kutengeneza nuru kwa mmenyuko wa kikemia mwilini mwake, kama kimulimuli, au kama vijiumbe vinavyoyafanya maji ya bahari yameremete usiku yanapopigwa kasia. La tatu ni lile la noti ya benki. Kwa kufuata muundo wa istilahi usanisinuru, ambayo imekubalika kwa muda mrefu katika vitabu vya biolojia, makala hii inaliita jambo la pili uzalishanuru na la tatu ugeuzanuru. Umbo la mkopo, floresensi, linaweza kuendelea kutumika sambamba na ugeuzanuru. Halina kosa, ila halimwelezi lolote asiyelijua tayari.

Baadhi ya waandishi wa makala za sayansi hupendelea kusema nuru ya kuazima. Ni maneno mazuri, lakini yanapotosha. Anayeazima jembe hurudisha jembe lile lile, na hivyo ndivyo mwezi unavyoifanyia nuru ya jua. Kukopa nako hakufai, kwa sababu mkopaji hurudisha kiasi kile kile au zaidi. Molekuli ya ugeuzanuru inafanana zaidi na wabadilishaji fedha wa mipakani: hupokea noti ya nchi moja, hutoa ya nchi nyingine, na katikati hubaki na chochote. Hupokea nuru ya buluu yenye nishati kubwa, hutoa ya kijani yenye nishati ndogo, na tofauti hupotea kama joto. Ndiyo maana rangi inayotoka huwa upande wa nishati ndogo kuliko ile iliyoingia, na ndiyo maana kichujio cha hadubini kinaweza kuizuia nuru ya taa na kuruhusu ile ya protini pekee imfikie mtazamaji.

2. Nuru mbili katika yavuyavu mmoja

Mwaka 1961 mkemia Mjapani Osamu Shimomura, aliyekuwa akifanya kazi Princeton katika maabara ya Frank Johnson, alifika Friday Harbor kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Alikuwa akimtafuta yavuyavu aitwaye Aequorea victoria. Mnyama huyu, wa kundi ambalo baadhi ya wavuvi wa Afrika Mashariki huliita konyeza, hutoa mwanga wa kijani ukingoni mwa mwavuli wake anaposumbuliwa. Lengo lilikuwa kupata dutu inayozalisha mwanga huo.

Kazi ilikuwa ya mikono na makasi. Mayavuyavu walikusanywa kwa nyavu, kingo zao zikakatwa na kukamuliwa, na katika kiangazi hicho kimoja walitumika takriban 10,000. Tatizo lilikuwa kwamba mwanga ulikwisha wakati wa kukamua, kabla dutu haijatenganishwa. Shimomura aliwaza kuusimamisha mmenyuko kwa asidi, na alifanikiwa. Jioni moja alimwaga mabaki kwenye sinki la maabara, ambalo lilikuwa likipokea maji ya bahari kutoka kwenye matangi, na sinki likawaka buluu kwa ghafla. Kutokana na hilo alielewa kuwa kilichokuwa kikiwasha mwanga ni kalsiamu iliyomo baharini. Dutu iliyotenganishwa iliitwa ekworini, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1962.

Swali lililobaki ni dogo kwa sura, lakini ndilo lililozaa uwanja mzima. Ekworini katika chupa hutoa mwanga wa buluu, ilhali yavuyavu aliye hai hutoa mwanga wa kijani. Jibu lilikuwa protini ya pili, iliyotajwa kwa kupita tu katika taarifa ile ya 1962, ambayo huipokea nishati ya ekworini na kuitoa kama nuru ya kijani. Ekworini ni ya uzalishanuru. Ile ya pili ni ya ugeuzanuru. Anayetumia neno kung'aa kwa zote mbili hawezi kuliuliza swali la Shimomura, achilia mbali kulijibu. Protini hiyo ya pili hujulikana kimataifa kwa kifupisho GFP, na mwaka 1979 Shimomura alieleza muundo wa kikemia wa sehemu yake inayobeba rangi. Katika miaka yote ya utafiti huo, yeye, familia yake na wasaidizi wao walikusanya takriban mayavuyavu 850,000.

Idadi hiyo inafaa kukumbukwa. Hadi wakati huo, kumjua yavuyavu kulimaanisha kumvua.

3. Jeni inapoachana na mnyama

Douglas Prasher, aliyekuwa Woods Hole, aliona kuwa GFP ingeweza kuwa alama: kama jeni yake ingeunganishwa na jeni ya protini nyingine, protini hiyo nyingine ingeonekana popote inapokwenda ndani ya seli. Mwaka 1992 alichapisha mfuatano wa jeni hiyo, unaoandika mnyororo wa asidi amino 238. Ufadhili wake ulikwisha kabla hajaendelea. Aliwapelekea nakala za jeni watafiti walioziomba, wakiwemo Martin Chalfie na Roger Tsien, kisha akaacha utafiti huo. Mwaka 2008, Chalfie, Tsien na Shimomura walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, Prasher alikuwa dereva wa kuwasafirisha wateja wa duka la magari katika jimbo la Alabama. Washindi walimtaja hadharani kwa heshima, na Chalfie na Tsien walimgharimia safari ya kwenda Stockholm. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mkasa wa mtu mmoja. Kwa mshauri wa sera, kinafundisha jambo la kawaida zaidi: jeni ikishanakiliwa na kutumwa kwa posta, aliyeitoa hana tena namna ya kushiriki katika kinachofuata isipokuwa kwa hiari ya walioipokea.

Chalfie aliiingiza jeni katika bakteria, kisha katika seli za neva za mnyoo mdogo mwangavu, Caenorhabditis elegans, ambazo humwezesha kuhisi mguso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: neva ziliweza kuonekana kwa kijani ndani ya mnyoo aliye hai, bila kumkata na bila kumtia dawa ya rangi. Watafiti wengi walikuwa wametarajia kuwa yavuyavu ana vimeng'enya maalumu vya kuikamilisha protini hiyo, ambavyo bakteria na mnyoo hawana. Matarajio hayo hayakuthibitika. Mnyororo wa GFP ukishajikunja, asidi amino tatu zinazofuatana, yaani serini, tirosini na glisini katika nafasi ya 65, 66 na 67, hujifunga zenyewe kuwa pete, na oksijeni ya kawaida humalizia kazi. Protini hujipika yenyewe. Kwa sababu hiyo jeni moja inatosha, na kwa sababu hiyo jeni inaweza kuishi mbali na bahari milele.

4. Uhandisi: herufi moja baada ya nyingine

GFP ya asili haikuwa zana nzuri. Ilipokea nuru katika sehemu mbili, karibu na nanomita 395 na 475, na sehemu iliyopokea vizuri zaidi ilikuwa ya urujuanimno, ambayo hudhuru seli. Mwaka 1995 maabara ya Tsien ilibadilisha asidi amino moja tu, serini ya nafasi ya 65 ikawa threonini. Protini mpya ilipokea nuru ya buluu ya nanomita 489, ikatoa kijani cha nanomita 511, na mwangaza wake chini ya nuru ya buluu uliongezeka mara kadhaa. Badiliko lingine, katika nafasi ya 66, lilikuwa tayari limetoa protini ya buluu.

Mwaka 1996 timu mbili zilitoa picha ya umbo la protini kwa kutumia fuwele na mionzi ya eksi. Umbo hilo ni pipa lililoundwa kwa nyuzi 11 zilizosimama zikizunguka, urefu wake takriban nanomita 4 na upana kama nanomita 2.4. Pete ya rangi imekaa katikati, imefungiwa isiguswe na maji. Picha hiyo ilibadilisha namna ya kufanya kazi. Mhandisi hakulazimika tena kubahatisha kila mara. Aliweza kuona ni asidi amino ipi iliyoielekea pete na kukisia nini kingetokea kama ingebadilishwa. Protini ya manjano ilipatikana hivyo, kwa kuweka tirosini ya ziada ubavuni mwa pete.

Nyekundu haikupatikana kwa yavuyavu, ingawa ndiyo iliyotakiwa zaidi, kwa kuwa nuru nyekundu hupenya nyama ya mwili vizuri kuliko ya kijani. Ufumbuzi ulitoka Moscow mwaka 1999, katika kazi ya Mikhail Matz, Yulii Labas, Sergey Lukyanov na wenzao. Labas alikuwa na wazo ambalo leo linaonekana la wazi lakini wakati huo halikuwa hivyo: rangi kali za matumbawe, ambayo hayazalishi nuru hata kidogo, huenda zinatokana na protini za ukoo wa GFP. Wanyama waliochunguzwa walitoka katika matangi ya wafugaji wa viumbe wa mapambo, si katika msafara wa baharini. Mmoja wao, wa jenasi Discosoma, alitoa protini nyekundu iliyokuja kuitwa DsRed, yenye kilele cha nanomita 583. Kutenganishwa kwa uzalishanuru na ugeuzanuru ndiko kulikofungua mlango huo. Alimradi watafiti waliamini kuwa GFP ni kiungo cha mtambo wa kuzalisha mwanga, hawakuwa na sababu ya kuitafuta kwa mnyama asiyezalisha mwanga.

DsRed ilikuja na kasoro zake. Huchukua zaidi ya siku moja kukomaa, na katika safari hiyo hupita kwanza kwenye kijani, hivyo mtafiti aliyetaka nyekundu huanza kwa kuona rangi nyingine. Kubwa zaidi, huungana nne nne. Ikiunganishwa na protini ya seli, huzikusanya nne pamoja na kuharibu kazi zao, kama mtu anayetaka kufuatilia nyendo za watu wanne kwa kuwafunga kamba moja kiunoni. Robert Campbell na wenzake katika maabara ya Tsien waliivunja kamba hiyo hatua kwa hatua. Kila walipobadilisha asidi amino kwenye maungio, nyekundu ilififia au kutoweka. Ndipo waliporudi kwa bakteria, wakazalisha maelfu ya nakala zenye mabadiliko ya nasibu, wakamulika sahani kwa taa, na kuokota makoloni yaliyoonesha nyekundu. Kisha walirudia. Mwaka 2002 walitangaza mRFP1, protini nyekundu inayosimama peke yake, ikiwa na mabadiliko 33 ikilinganishwa na DsRed.

Miaka miwili baadaye, Nathan Shaner na wenzake waliitumia mRFP1 kuzalisha ukoo wa protini zilizopewa majina ya matunda, na mashuhuri zaidi ni mCherry. Matunda mengi katika orodha hiyo hayaoti katika bustani za Bujumbura wala Kampala, lakini hakuna sababu ya kutafsiri majina hayo: ni majina ya bidhaa za maabara, na mtafiti anayetafuta mCherry katika katalogi lazima aikute kwa jina lake. Istilahi za kutafsiriwa ni zile zinazobeba dhana.

Jambo moja katika uhandisi huu linastahili kutajwa kwa wanaisimu. Wahandisi hawazungumzi kuhusu protini kama wavuvi wanavyozungumza kuhusu samaki, wala kama wakemia wa zamani walivyozungumza kuhusu dutu. Wanazungumza kama wahariri. Kuna herufi, nafasi, kubadilisha, kufuta, kunakili, toleo. Mabadiliko 33 ya mRFP1 ni masahihisho 33 katika matini ya herufi zaidi kidogo ya mia mbili, na msahihishaji hakuhitaji kuyaona matumbawe.

5. Kurudi baharini

Ingawa hivyo, bahari haijaisha. Mwaka 2002 maabara ya Atsushi Miyawaki nchini Japani ilieleza protini ya tumbawe Trachyphyllia geoffroyi iliyoachwa mezani karibu na mwanga wa jua na kugeuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Waliiita Kaede, jina la Kijapani la mti ambao majani yake hubadilika rangi wakati wa majira ya kupukutika. Tumbawe jingine, Lobophyllia hemprichii, lilitoa EosFP yenye tabia kama hiyo. Protini hizi zinazowashwa au kubadilishwa kwa nuru zilimwezesha Eric Betzig na wenzake mwaka 2006 kuziona molekuli moja moja na kujenga picha yenye uwazi uliokuwa ukidhaniwa hauwezekani kwa hadubini ya nuru. Betzig ni miongoni mwa waliopata Nobel ya Kemia ya mwaka 2014.

Mwaka 2013 kundi la Shaner lilitoa mNeonGreen kutokana na protini ya mnyama mdogo wa mchangani aitwaye Branchiostoma lanceolatum. Mwaka 2020 timu iliyomjumuisha Shaner ilichapisha protini za yavuyavu wa jenasi ile ile ya Aequorea aliyekusanywa Heron Island, kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef nchini Australia. Mojawapo ina mwangaza unaokaribia mara tano ya GFP iliyoboreshwa inayotumika sana, na imetoka moja kwa moja kwa mnyama bila kuhaririwa. Mwaka 2022 ikaja StayGold, ya yavuyavu Cytaeis uchidae wa Japani, ambayo sifa yake ni uvumilivu: hustahimili nuru kali ya hadubini zaidi ya mara kumi kuliko zilizotangulia kabla ya kufifia. Ilikuwa ikiungana mbili mbili, na ndani ya muda mfupi timu kadhaa zilikuwa zimetoa matoleo yanayosimama peke yake.

Kwa nchi za ukanda huu, matumizi yanayogusa zaidi ni ya malaria. Mwaka 2006 watafiti wa Institut Pasteur walichapisha picha za vimelea vya malaria ya panya vilivyotiwa jeni ya ugeuzanuru, vikifuatiliwa kutoka mdomo wa mbu hadi ndani ya ngozi. Ilionekana kuwa vimelea haviingii vyote kwenye damu mara moja. Hutambaa ngozini, na baadhi huishia kwenye mishipa ya limfu na tezi zake. Vivyo hivyo, mbu waliobadilishwa jeni kwa ajili ya utafiti wa kudhibiti malaria kwa kawaida huwekewa jeni ya rangi ili kiluwiluwi aliyebadilishwa atambulike chini ya taa. Mjumbe wa kamati ya usalama wa viumbe anayesoma ombi la utafiti wa mbu kama hao anasoma, bila kujua, habari za tumbawe.

6. Mwili, jeni, mfuatano

Anemoni Entacmaea quadricolor, ambaye samaki wadogo wenye mistari hujificha katika vidole vyake, huishi katika eneo kubwa linaloanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Bahari ya Pasifiki. Protini yake nyekundu ndiyo mzazi wa TagRFP na ndugu zake, zinazouzwa duniani kote. Lobophyllia hemprichii naye ni mkazi wa maji hayo hayo. Spishi hizi hazina uraia. Kila nchi ambayo maji yake yana anemoni huyu inaweza kusema ni wake, na kwa hiyo hakuna inayoweza kusema ni wake peke yake.

Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, ilijengwa juu ya picha ya mwili: mtafiti hufika katika nchi, huomba kibali, huchukua rasilimali ya kijenetiki, na nchi iliyotoa hugawana naye faida. Picha hiyo inamfaa Shimomura wa mwaka 1961. Haimfai mtafiti wa leo, ambaye anaweza kuusoma mfuatano katika hifadhidata ya wazi, kuagiza jeni itengenezwe kwa kemikali, na kuipokea katika kichupa bila yeye wala mtu mwingine kuingia majini. Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai uliofanyika Montreal mwaka 2022 ulikubali kuwepo utaratibu wa pamoja kuhusu taarifa za mifuatano ya kidijitali, na mkutano wa Cali, Colombia, mwaka 2024 uliuanzishia mfuko. Kampuni kubwa zinazotumia mifuatano hiyo zinatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha inalenga jamii za wenyeji. Neno zinatarajiwa limechaguliwa kwa makini. Mchango si wa lazima mpaka sheria ya nchi iufanye uwe wa lazima.

Hapa ndipo istilahi zinapoacha kuwa suala la makamusi. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, ombi la utafiti husema kuwa mtafiti atachukua sampuli. Kuchukua ni kitenzi cha mwili: kilichochukuliwa hapa hakipo tena hapa, na kikitumika kimekwisha. Kamati ya kijiji cha wavuvi inayoulizwa kama inakubali kipande cha tumbawe chenye ukubwa wa kidole kichukuliwe itatazama mwamba mzima na kujibu kuwa kipande kimoja hakidhuru kitu. Jibu hilo ni sahihi kwa swali lililoulizwa. Swali lililopaswa kuulizwa ni kama inakubali mfuatano unakiliwe na kuwekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuunakili tena. Wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Familia zinazotunza miswada ya tenzi zinajua kuwa kumpa mgeni kitabu ni jambo moja na kumruhusu akinakili ni jambo jingine, na kwamba la pili ndilo zito zaidi, ingawa kitabu hubaki kabatini.

Nchi zisizo na pwani zina hisa katika jambo hili kwa namna mbili. Maabara za Kigali au Entebbe zinahitaji mifuatano hiyo iendelee kupatikana bila vikwazo vya gharama, na kwa upande huo maslahi yao yanaweza kugongana na ya jirani mwenye bahari. Kwa upande mwingine, mkataba wa bioanuwai ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi, uliopitishwa mwaka 2023, unahusu maji ambayo si ya nchi yoyote, na unazitambua nchi zisizo na pwani katika kugawana faida. Majadiliano ya ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu msimamo wa pamoja yatafanyika katika lugha kadhaa, na Kiswahili ni mojawapo. Tafsiri inayotumia neno jeni kwa mwili, kwa molekuli na kwa maandishi itawafanya wajumbe wakubaliane kwa maneno huku kila mmoja akimaanisha kitu chake.

Ugumu umeongezeka tangu mwaka 2024, ilipotangazwa protini ya kijani iitwayo esmGFP. Haikutokana na mnyama wala haikuhaririwa kwa mkono. Iliandikwa na programu ya akili unde iliyojifunza kutokana na mifuatano ya protini za viumbe wengi, na asidi amino zake zinalingana kwa asilimia 58 tu na protini ya ugeuzanuru iliyo karibu nayo zaidi miongoni mwa zinazojulikana. Iliyo karibu nayo zaidi ni TagRFP, binti wa yule anemoni wa maji ya Afrika Mashariki. Hakuna sampuli iliyochukuliwa, na hakuna mfuatano mmoja ulionakiliwa. Wapo watakaosema kuwa kwa hiyo hakuna kinachodaiwa. Hoja hiyo ina nguvu ikiwa kinachohesabiwa ni nakala. Inadhoofika ikiwa kinachohesabiwa ni kujifunza, kwa sababu programu isiyosoma mifuatano ya wanyama hao isingeandika chochote.

Kinachowezekana sasa hivi ni kidogo lakini ni cha kweli. Fomu za vibali vya utafiti wa viumbe vya baharini, katika matini yake ya Kiswahili, zinaweza kuacha kuuliza swali moja la kuchukua sampuli na kuuliza maswali manne tofauti, kila moja likiwa na sahihi yake: kuchukua sehemu ya mwili wa mnyama, kutenganisha na kutunza jeni, kunakili mfuatano na kuuweka katika hifadhidata, na kuruhusu mfuatano utumike kufunzia programu za kompyuta. Vitenzi vyote vinne vya msingi, yaani kuchukua, kutenganisha, kunakili na kufunzia, tayari vimo katika lugha na vinaeleweka na mvuvi kama vinavyoeleweka na mwanasheria. Kinachohitaji kusanifiwa ni nomino zinazovifuata, na mfuatano ndiyo ya kwanza katika orodha, kwa kuwa kwa sasa hutumika pia kwa foleni ya magari na kwa mpangilio wa sura za kitabu, na hakuna sheria katika ukanda huu inayoweza kulinda kitu ambacho msomaji wake anakidhania kuwa foleni.